Kwa Nini Santuri ya Harusi Hukataa Kuonyesha

Shauri ninalotaka kulizungumza nanyi jioni hii laweza kuonekana dogo kwa mtu asiyepata kufikwa nalo, nalo ni la kuchoma santuri za DVD: ile kazi ya kuchukua picha za video za harusi, za siku ya kupeleka mahari, za ubatizo na za maziko, pamoja na picha mnato zilizopangwa zifuatane huku muziki ukisikika, tukazitia katika santuri ili jamaa wakae sebuleni wazitazame katika televisheni. Nimelichagua kwa sababu malalamiko yake ni mengi, na kwa sababu lawama aghalabu huangukia pasipostahili. Santuri ikikataa kuonyesha, mwenye harusi humlaumu mpiga video, mpiga video humlaumu mwuza santuri, mwuza santuri huilaumu deki, na mwisho wa ugomvi huo picha za siku isiyorudi hubaki hazijaonwa na mtu. Dai langu ni kwamba santuri nyingi zinazokataa zimekwisha haribika kabla miale ya leza haijazigusa, yaani katika matayarisho, na kwamba mtu aliye tayari kuuliza maswali kwa utaratibu ataiona ila ilipo, asipoteze fedha wala asivunje urafiki.

Wapo watakaoniambia kwamba zama za santuri zimepita, na kwamba simu za mkononi na flashi zimekwisha twaa mahali pake. Kwamba mambo yamegeuka, sikatai. Kompyuta nyingi zinazouzwa siku hizi hazina hata mahali pa kutia santuri, na programu ya kutengenezea DVD iliyokuwa ndani ya Windows Vista na Windows 7 iliondolewa ilipotoka Windows 8 mwaka 2012. Lakini tazameni nyumba zetu zilivyo. Deki iliyonunuliwa miaka mingi iliyopita ingali juu ya meza, imefunikwa kitambaa cha kufuma, na nyanya asiyejua kufungua simu ya kisasa ajua barabara kubonyeza kitufe cha deki na kuitia santuri. Wala picha za saa tatu hazitumwi kwa simu bila kula fedha nyingi za intaneti. Santuri ni kitu cha kushikwa mkononi, hupewa mgeni kama zawadi, huandikwa jina na tarehe, huwekwa kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo na hati za shamba. Madhali watu wanaitaka, ni wajibu wetu sisi tunaoitengeneza kuitengeneza kwa uaminifu.

Na nianze na mpaka wenyewe wa Uganda na Kenya, kwa maana sisi watu wa hapa hatuwezi kuzungumza jambo lolote bila mpaka kuingia. Mwaka 1902 Waingereza walilihamisha Jimbo la Mashariki la Uganda wakaliunganisha na himaya ambayo baadaye iliitwa Kenya, na tangu hapo Wasamia, wenyeji wa hapa, wengine wakawa huku na wengine kule, nasaba moja chini ya serikali mbili. Kwa hiyo harusi ya Buhehe, upande wa Uganda, ina wajomba wa Funyula, upande wa Kenya, na matanga ya Funyula yana mashemeji wa Lumino, na santuri moja yatakiwa ionekane katika nyumba za nchi mbili. Kwa bahati njema katika jambo hili mpaka haukututenga. Kenya na Uganda zote zilifuata utaratibu wa televisheni ya rangi uitwao PAL, uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Mjerumani Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken, na katika DVD utaratibu huo una picha 25 kwa kila sekunde na mistari 576 ya kuonekana. Umeme wetu nao, huku na kule, ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na hesabu hizo mbili zinapatana.

Taabu huja pale jamaa aliyeko Marekani anaporudi nyumbani na kamera nzuri aliyoinunua huko. Marekani umeme wao ni wa mizunguko 60, na televisheni yao ya zamani ilifuata utaratibu wa NTSC, wenye picha karibu 30 kwa sekunde na mistari 480. Kamera hiyo, ikipelekwa katika ukumbi ulioangazwa kwa taa ndefu za mirija, huona jambo ambalo macho yetu hayalioni: taa hizo hupwesa mara 100 kwa kila sekunde, na kwa kuwa kamera haihesabu sawa nazo, video hutoka na mistari ya kiza inayopanda na kushuka juu ya uso wa bibi harusi. Ila hiyo ikisha ingia haitoki yote, hata kwa programu ya gharama kubwa. Dawa yake ni ya kabla: fungua orodha ya kamera, utafute mahali palipoandikwa 60, uweke 50, kisha ndipo uanze kupiga. Ikiwa video zimekwisha pigwa zote kwa hesabu ya Marekani, rai yangu ni kwamba ziachwe zilivyo, santuri itengenezwe kwa NTSC, kwa sababu deki nyingi za bei nafuu zilizoko madukani mwetu husoma aina zote mbili. Ukizigeuza ziwe 25, mwendo wa watu huwa wa kushtukashtuka, hasa katika ngoma. Lakini zikiwa televisheni za zamani, ambazo huigeuza picha ya NTSC ikawa nyeusi na nyeupe au ikapanda juu bila kutulia, hapo hapana budi kugeuza. Kisichofaa kabisa ni kuchanganya video za 25 na za 30 katika kazi moja bila kuzisawazisha, kwa maana programu hulazimika kuzigeuza yenyewe njiani, na mara nyingi huzigeuza vibaya.

Naingia sasa katika ila ambayo, kwa uzoefu wangu, huzidi zote kwa kutokea. Mtu ana video katika kompyuta, faili la MP4, lionekanalo vizuri sana. Hulichukua, hulivuta mpaka katika alama ya santuri, hubonyeza kuchoma, hungoja, santuri hutoka ikiwa ya moto mkononi, huijaribu katika kompyuta ileile, nayo huonyesha bila taksiri yoyote. Hufurahi. Huipeleka kwa mwenyewe Buhehe, inatiwa katika deki mbele ya jamaa waliokusanyika, na deki huzungusha, hunguruma, kisha huandika kwamba haikuona santuri. Hapo huanza ugomvi, ilhali santuri ni nzima na deki ni nzima. Alichofanya mchomaji ni kuhifadhi faili katika santuri. Hakutengeneza DVD ya video, na mambo hayo mawili hayafanani hata chembe. Deki ya DVD haikufundishwa kutafuta MP4. Imefundishwa kutafuta folda moja yenye jina la VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yanayoishia kwa herufi IFO, BUP na VOB, video yake ikiwa imebanwa kwa kanuni iitwayo MPEG-2, na sauti yake ikiwa na vipimo 48,000 kwa sekunde. Isipopewa hivyo, hubaki gizani.

Kuijua ila hii ni rahisi mno, na ningependa kila mwenye kununua santuri aijue. Itie santuri katika kompyuta, usiichezeshe, ila ifungue uone yaliyomo. Ukiona folda ya VIDEO_TS, hiyo ni DVD ya video. Ukiona faili lenye jina la harusi na mwisho wa MP4, AVI au MOV, hiyo ni ghala tu ya mafaili, na haifai kwa deki isipokuwa zile chache zilizotengenezwa kusoma mafaili ya namna hiyo. Na kuna kosa la pili lililo ndugu wa hilo: mchomaji aliyekwisha tengeneza VIDEO_TS yake sawasawa, akaitia ndani ya folda nyingine aliyoipa jina la bwana na bibi harusi, kisha akachoma. Deki haiingii ndani ya folda kutafuta folda. VIDEO_TS lazima iwe juu kabisa, mlangoni. Ziko programu za bure zinazofanya kazi hii kwa ukamilifu, kama DVDStyler na DVD Flick za kutengenezea, na ImgBurn ya kuchomea, wala hakuna sababu ya kutumia programu ya wizi iliyojaa virusi katika kazi ya amana kama hii.

Ila ya tatu ni ya tamaa, nami nitaikalia kidogo. Santuri ya kawaida ya tabaka moja huchukua gigabaiti 4.7, ambazo kompyuta, kwa kuwa huhesabu kwa namna yake, huziandika kama 4.37, hakuna aliyeibiwa. Nafasi hiyo ni moja, haiongezeki kwa kuombwa. Video ya saa mbili ikigawiwa nafasi hiyo hupata megabiti 5 na kidogo kwa kila sekunde, pamoja na sauti yake, na kadiri hiyo yatosha kwa picha safi. Video ya saa moja yaweza kupewa hata 8 au 9, na kanuni ya DVD haikubali picha kupita 9.8. Lakini mteja husema anataka siku nzima, tangu kupambwa kwa bibi harusi hadi wageni wa mwisho kuaga, saa nne kamili, katika santuri moja. Na mchomaji, kwa kuogopa kumpoteza, hukubali. Kila sekunde basi hubakiwa na megabiti 2.6, na matokeo yake ni kama pilau ya watu mia kugawiwa watu mia mbili: hakuna anayekosa, na hakuna anayeshiba. Mahali watu waliposimama kimya kanisani picha hupita, ila mara ngoma inapoanza, vumbi likatimka, migomba nyuma ikatikiswa na upepo, picha yote hukatika vijiboksi vijiboksi na nyuso hupotea. Hapo tatizo si santuri wala deki, ni hesabu. Mshauri mteja achukue santuri mbili, ya kanisani na ya nyumbani. Zipo santuri za tabaka mbili zichukuazo gigabaiti 8.5, lakini bei yake ni kubwa na deki za zamani husitasita juu yake au huzikataa, kwa hiyo mimi huzichagua mbili za kawaida kuliko moja ya tabaka mbili.

Na sasa onyesho la picha mnato, ambalo watu hulidhani jepesi kuliko video, kumbe lina mitego yake peke yake. Katika maziko ya mzee wa heshima, jamaa hukusanya picha kutoka kila nyumba: moja ya mwaka wa kuoa iliyokwisha kuwa ya manjano, nyingine ya kitambulisho, nyingine zimepigwa na wajukuu kwa simu. Hizi za simu aghalabu zina nukta milioni 12 au zaidi kila moja, ilhali picha ya DVD katika utaratibu wetu ni nukta 720 kwa 576, hazifiki hata nusu milioni. Programu ikipewa picha mia mbili za ukubwa ule kwa mara moja huelemewa, ikafa katikati ya kazi, na mchomaji akadhani kompyuta imerogwa. Zipunguze kwanza, upana wa nukta 1,920 watosha na kusaza. Zigeuze pia zisimame wima kwa kuzihifadhi upya, kwa sababu picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake agizo la kugeuzwa ambalo simu hulitii na programu ya DVD hulipuuza, na marehemu akaonekana amelazwa ubavu mbele ya wafiwa. Hilo ni jambo la kumvunjia mtu heshima, na kuliepuka ni kazi ya dakika chache.

Kisha ziko kingo. Televisheni za zamani zenye kioo cha kubinuka hukata sehemu ya picha pande zote nne, na hata baadhi ya hizi mpya bapa hufanya hivyo. Anayeandika jina la marehemu na miaka ya uhai wake chini kabisa ya picha, kwa kuwa katika kompyuta yanaonekana vizuri, huja kukuta nyumbani maandishi yamekatwa nusu. Acha sehemu ya kumi kila upande bila neno lolote la maana. Na tazama nguo. Gomesi lenye mistari myembamba, au kitambaa chenye maua madogo madogo, likiwekwa katika picha kali isiyotikisika, humetameta na kutetemeka katika televisheni, kwa sababu mistari ya picha huchorwa kwa zamu, ya witiri kwanza na ya shufwa baadaye, na uzi mwembamba uliomo katika mstari mmoja huonekana na kupotea. Tia ukungu mdogo sana katika picha hiyo, nao utatulia. Muda wa kila picha uwe sekunde tano hadi saba. Wimbo wa dakika nne basi ubebe picha arubaini hivi, wala si mia, wala si kumi na tano. Kuhusu yale madoido ya picha kuruka, kuzunguka na kulipuka ambayo programu huyatoa kwa wingi, rai yangu haifichiki: katika harusi yatumike kwa kiasi, na katika picha ya marehemu yasitumike kabisa. Uso wa mzee uje taratibu, ukae, uondoke taratibu.

Jambo la sauti kuachana na midomo nalo lina siri yake. Ukiona sauti imetangulia au imechelewa kwa kadiri ileile tangu mwanzo hadi mwisho, hiyo yahitaji kusogezwa tu. Lakini ukiona mwanzo yapatana, baada ya dakika ishirini imechelewa kidogo, na mwisho padre anahubiri midomo imefungwa, basi ujue video ilipigwa kwa simu. Simu, ili kuokoa nguvu na kukabiliana na mwanga hafifu, hubadilisha idadi ya picha zake kila wakati, mara 30, mara 24, na programu ya DVD huihesabu kana kwamba haikubadilika. Ipitishe kwanza katika programu kama HandBrake, uiamuru itoe picha 25 zisizobadilika, ndipo uitie kazini. Simu mpya pia hurekodi kwa kanuni ya H.265 ambayo programu za zamani haziijui kabisa. Zitaonyesha giza na sauti, au hazitafungua. Dawa ni hiyo hiyo. Majina ya mafaili nayo yawe mafupi, ya herufi za kawaida, bila nafasi wala alama, maana programu za bure nyingine hushindwa na jambo dogo kama alama ya ng' katika jina.

Baada ya hayo yote ndipo tunafika kwenye kuchoma kwenyewe, na hapa sitakaa sana, kwa kuwa matayarisho yakiwa mema kuchoma hakuna ajabu. Santuri ya DVD ni sahani mbili nyembamba, kila moja unene wa milimita 0.6, zimegandishwa pamoja, na katikati yake mna rangi maalumu ambayo leza nyekundu huichoma ikaacha alama. Ikichomwa kwa pupa, alama huwa hafifu. Santuri yaweza kuandikwa kwamba yavumilia mwendo wa 16, lakini chagua 8, au 4 kama santuri si za chapa iaminikayo. Kwa mwendo wa 4 kazi huisha kwa robo saa, na robo saa si muda wa kumhini mteja. Usifungue programu nyingine wakati huo. Usiitegemee stima ya mji wetu, ambayo hukatika pande zote mbili za mpaka bila kubisha hodi. Tumia kompyuta ya mapajani yenye betri nzima, au kifaa cha kuhifadhi umeme, kwa sababu santuri iliyokatwa katikati haifufuki. Hakikisha programu imeifunga santuri mwishoni, maana isiyofungwa hukubaliwa na mashine iliyoichoma, na deki ikaikataa. Na usibandike karatasi ya gundi juu yake: hulemea upande mmoja, hupata joto, na baada ya muda santuri hutetemeka ndani ya deki. Andika kwa kalamu ya wino laini upande wa juu.

Iwapo wabeba kazi yako kwa flashi kutoka Busia ya Uganda kuipeleka saiba ya Busia ya Kenya ikachomwe huko, na flashi ikakwambia kwamba haina nafasi ingawa ni tupu, usiitupe. Flashi nyingi hutengenezwa kwa mpango wa FAT32, usiokubali faili moja kupita gigabaiti 4, na DVD iliyojaa, ikihifadhiwa kama faili moja, huzidi hapo. Ibadilishe iwe exFAT, nayo itabeba.

Ikiwa santuri imekwisha fika mikononi mwa mteja na bado inasumbua, maswali ni haya, na yaulizwe bila hasira. Je, yaonyesha katika kompyuta na kukataliwa na deki zote? Tazama VIDEO_TS, kisha tazama kama ilifungwa. Je, deki moja huikubali na nyingine huikataa? Basi huenda ilichomwa katika santuri ya DVD+R au ya RW, na deki za zamani hupendelea DVD-R, choma upya. Je, mwanzo yaonyesha vizuri na karibu na mwisho hukwama? Santuri husomwa kutoka katikati kwenda ukingoni, na ukingo wa santuri za bei duni ndio ulio dhaifu, kwa hiyo kuingia kanisani huonekana safi na kukata keki hukwama. Punguza video isijaze santuri hadi ukingo, gigabaiti 4 zatosha, au nunua chapa bora. Je, santuri za chapa mbalimbali zote hushindwa katika mashine moja? Lenzi ya mashine hiyo imeingiwa na vumbi letu jekundu au imezeeka. Mteja naye aifute santuri kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda nje kwa mstari ulionyooka, asiifute kwa kuzungusha, wala asiiache juani mbele ya kioo cha gari.

Nina ombi kwa wapiga video wenzangu wa Buhehe, Tororo na Busia zote mbili. Msifute kadi ya kamera mpaka jamaa wameitazama santuri nyumbani kwao, katika deki yao wenyewe, tangu mwanzo hadi mwisho. Mteja akikosa picha za maziko ya baba yake hawezi kumzika mara ya pili ili apigwe picha nyingine. Diski kuu ya kuhifadhia video ghafi ni gharama, naam, lakini ni gharama ndogo kuliko aibu hiyo, na santuri isiwe kamwe makao ya pekee ya kumbukumbu ya mtu, kwa maana rangi iliyomo ndani yake huharibika kwa jua, joto na unyevu.

Na kwenu nyinyi wenye nyumba. Wengi wenu mna kanda za zamani kabatini, za VHS na zile ndogo za MiniDV, za harusi za miaka ya 1980 na 1990 na baadaye, zenye nyuso za wazee ambao hawapo tena. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza mashine za VHS, iliacha kazi hiyo mwezi wa Julai 2016, na Sony iliacha kutengeneza kanda za MiniDV mwezi wa Februari 2025. Mashine zilizobaki ni hizi zilizoko, na kila mwaka chache zaidi hufa. Msingoje harusi nyingine ndipo mkumbuke. Zitoeni kanda hizo, mzipeleke zihamishwe mwaka huu kwa mtu mnayemwamini, na mkisha pata santuri, pelekeni nakala moja kwa ndugu aliye ng'ambo ya pili ya mpaka, na video yenyewe ibaki pia katika diski ya kompyuta ya kijana mmoja wa ukoo aliye mwangalifu.